Tangi la Samaki Nyumbani: Usafi wa Maji na Usalama wa Mkono

Kata ya Kinyangiri, Wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, imo katika ukanda mkavu wa katikati ya Tanzania. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, na katika miezi ya kiangazi kila ndoo ya maji ina kazi yake. Katika mazingira hayo, kufuga samaki wa mapambo ndani ya tangi la kioo huonekana kuwa anasa ya mjini. Hesabu yake, hata hivyo, si kubwa: tangi la lita 60 hujazwa kwa ndoo tatu, kisha huhitaji kubadilishiwa takribani lita 15 kwa wiki, yaani chini ya ndoo moja. Linalohitaji uangalifu zaidi ni namna ya kuyashika maji hayo, kwa faida ya samaki na ya mfugaji mwenyewe.

Maji na bakteria wenye faida

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzalisha amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Ndani ya tangi lililokomaa, bakteria waishio katika chujio na changarawe huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kustawi. Kwa sababu hiyo, tangi jipya lisijazwe samaki wengi kwa mara moja, wala chujio lisioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini. Lisuuzwe kwa maji yaliyotolewa ndani ya tangi lenyewe. Maji mapya yenye klorini yaachwe wazi katika ndoo kwa muda wa saa 24 kabla ya kutumika.

Jambo moja lahusu hasa mikoa mikavu. Maji yanapopungua kwa kukauka, chumvi zake hubaki ndani ya tangi. Visima vingi vya Singida vina maji yenye madini mengi. Anayeongeza maji bila kutoa ya zamani huzidi kuyatia chumvi. Ni lazima robo moja itolewe kwanza. Maji hayo magumu yana faida yake pia: samaki wadogo wa rangi kutoka Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, wanaofugwa katika matangi duniani kote, huyapenda maji ya aina hiyo. Chakula kiwe kidogo, kiasi kinacholiwa kwa dakika mbili au tatu.

Kidonda kisichopona

Mwaka 1926, bakteria aitwaye Mycobacterium marinum alielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na samaki waliokufa katika tangi la maonyesho huko Philadelphia, Marekani. Mwaka 1951 alithibitishwa nchini Sweden kuwa huwapata binadamu pia. Yeye ni wa jamii moja na bakteria wa kifua kikuu na wa ukoma. Huishi katika maji baridi na ya chumvi, na huingia mwilini kupitia mchubuko au kuchomwa na mwiba wa samaki. Hupenda joto la nyuzi 30 hivi, ndiyo maana hukaa katika ngozi ya mikono, iliyo na ubaridi kuliko viungo vya ndani.

Wiki mbili hadi nne baada ya kuingia, na wakati mwingine miezi kadhaa, hutokea kipele chekundu au cha zambarau kwenye kidole au mgongo wa kiganja. Kipele hukua polepole, huweza kuwa kidonda, na vingine huweza kufuatana kwa mstari kuelekea kiwiko. Maumivu huwa machache na homa ni nadra, hivyo mgonjwa huchelewa. Ugonjwa ukifika kwenye kano na viungo, kidole huvimba na kukakamaa, na huenda kisirudi katika hali yake. Hauambukizi kutoka mtu hadi mtu.

Kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa mwenye kidonda cha mkono kisichopona kwa wiki kadhaa aulizwe: “Je, unafuga, unauza au unaparua samaki?” Swali hilo lawahusu pia wachuuzi na akina mama wanaotayarisha perege na kambale. Bila swali hilo, kidonda hudhaniwa kuwa fangasi au jipu la kawaida, na krimu za steroidi huweza kukizidisha.

Kipande cha ngozi kichukuliwe, na maabara ielezwe iotoeshe sampuli katika nyuzi 30 pamoja na 37. Hadubini huweza kuonyesha bakteria wanaofanana na wa kifua kikuu, lakini kipimo cha vinasaba cha kifua kikuu hakitawabaini. Isoniazidi na pirazinamidi hazimwezi bakteria huyu. Hutibiwa kwa dawa kama klarithromisini, doksisiklini, rifampisini na ethambutoli, mara nyingi mbili kwa pamoja, kwa miezi mitatu au zaidi, na huendelezwa mwezi mmoja hadi miwili baada ya ngozi kupona.

Kwa mfugaji

Usitie mkono wenye mchubuko ndani ya tangi. Vaa glavu ndefu zisizopitisha maji, kisha nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usivute maji kwa mdomo kupitia mpira, kwani maji ya tangi huweza pia kuwa na Salmonella. Jaza mpira maji kwanza, ziba ncha zake, kisha shusha ncha moja kwenye ndoo iliyo chini ya tangi. Chomoa pampu kwenye umeme kabla ya kugusa maji. Ndoo ya tangi isitumike jikoni. Maji yaliyotolewa yamwagiliwe miti, si mboga zinazoliwa mbichi.

Watoto wadogo, watu wanaoishi na VVU wasiotumia dawa, na wanaotumia dawa za kupunguza kinga wamwachie mtu mwingine kazi ya kusafisha. Na yeyote anayepata kipele cha mkononi kinachodumu zaidi ya wiki tatu afike kituo cha afya, na aeleze bila kuulizwa kwamba hushika samaki.