Kisu Kinachoning'inia Msumarini

Kuna viwanja viwili vya shule kule Limuru vilivyotenganishwa na ua wa michongoma. Mvua yao ni moja, nyasi zao ni zilezile za kikuyu, na vyote hukatwa kwa trekta ndogo za kukalia. Lakini siku mbili baada ya kukatwa, kimoja huwa kijani kibichi na kingine huwa na weupe juu yake, kana kwamba kimemwagiwa majivu. Nilichuma majani machache kila upande. Ya uwanja wa kijani yalikuwa na ncha iliyonyooka. Ya uwanja wa pili yalikuwa yamechanika, nyuzi kavu zikining'inia. Hayakukatwa yale. Yalipigwa mpaka yakakatika.

Nilipouliza ni nani anayetunza mashine ya uwanja wa kijani, nilielekezwa kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. Fundi wa hapo hunoa visu vya mashine za nyasi za shule, makanisa na klabu za gofu za upande huo. Wateja humwita Mzee, nami nitamwita hivyo. Nilianza kumweleza nilichokiona, akamalizia mwenyewe: kisu butu huyachana majani, ncha inakauka, na hapo ndipo ugonjwa wa nyasi unapoingilia. "Watu hununua mbolea," akasema, "na dawa iko kwenye tupa."

Siku hiyo alikuwa na trekta yenye visu viwili. Kwanza alitoa ufunguo akautia mfukoni mwake, kisha akachomoa waya wa plagi, mtu asije akaiwasha wakati mikono iko chini. Akavua mkanda kwenye puli, akachomoa pini, na sanduku la chuma linalobeba visu likavutwa kutoka chini ya tumbo la trekta. Haingii chini ya mashine iliyoinuliwa kwa jeki peke yake, hata mwenye mashine akiwa na haraka namna gani. Akabana kipande cha mbao ngumu kati ya kisu na ukuta wa sanduku ili kisu kisizunguke, akaweka spana, na juu ya mpini wa spana akavika bomba la kuongeza nguvu. Bolti ililia kwa kutu, ikaachia.

Kabla ya kukishusha kisu, alipaka chaki upande unaotazama chini. Ameletewa mashine nyingi ambazo "hazikati kabisa" kumbe kisu kimerudishwa kichwa chini. Nyuma ya makali kuna sehemu iliyokunjwa kuelekea juu. Kisu kikizunguka, bawa hilo huvuta hewa, na hewa huinua nyasi zilizolala ili makali yazikute zimesimama. Nyasi za kikuyu hulala na kusukana ardhini, kwa hiyo bila bawa hilo kisu kingepita juu yake tu.

Kunoa kwenyewe hakukuchukua muda. Alifuata mteremko wa zamani wa makali, kama digrii 30, upande wa juu tu, akigusisha grainda na kuiondoa, kugusisha na kuiondoa. Chuma kikiota rangi ya buluu kimeungua, na makali ya hapo hayadumu. Mwisho alimalizia kwa tupa. Hataki makali ya wembe, maana wembe hukunjika kwenye kokoto ya kwanza.

Halafu akafunga mlango, na hapo ndipo nilipoanza kuitazama kazi hii kwa macho mengine.

Kwenye nguzo ya mbao, usawa wa macho yake, kuna msumari wa inchi 4 uliong'aa kwa kusuguliwa na chuma miaka mingi. Mlango hufungwa ili upepo usisukume. Mzee alitundika kisu kwa tundu lake la katikati, akakilaza sawa kwa vidole viwili, akaachia. Mkono wa kulia wa kisu ulizama polepole. Akakitoa, akasugua tupa mara chache upande ule mzito, akakitundika tena. Kikazama tena, safari hii kwa kusitasita. Tupa kidogo. Kijana anayemsaidia alikuwa ameacha kuongea. Kilipotulia sambamba na sakafu, nilidhani tumemaliza, lakini Mzee alikigeuza mgongo akakipima upya, kwa kuwa tundu lenye umbo la nyota linaweza kuushika msumari na kumdanganya mpimaji. Kilizama. Akaanza tena, bila kulalamika.

Kwa nini kujitesa hivyo kwa gramu chache? Nilipiga hesabu. Kisu cha sentimita 54 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Gramu 10 za ziada kwenye ncha moja huivuta shafti kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 27, na mvuto huo huizunguka shafti mara 50 kila sekunde. Beringi hazivumilii hilo. Mzee hajawahi kupiga hesabu hiyo; yeye huweka kiganja juu ya sanduku lililofunguliwa, anazungusha shafti, na kukuambia beringi ipi imeanza kufa.

Anashauri visu vinolewe kila baada ya saa 25 hivi za kukata. Wateja wake wengi huja dereva anapolalamika kwamba kiti kinamtikisa. Shule anazozihudumia, anasema, hutenga pesa za mafuta ya trekta kila muhula, lakini visu havina fungu.

Kwenye rafu yake kulikuwa na kisu kilichochomelewa katikati ya bawa, mshono mnene, umepakwa rangi nyeusi. Mzee hachomelei kisu chenye ufa. Anakirudisha na kumwambia mwenyewe anunue kingine, kwa sababu kipande kikikatika katika mwendo ule hakichagui mguu wa dereva wala mtoto aliyesimama kando ya uwanja. Hiki kiliachwa na mlinzi wa shule moja, ambayo haikuwa na pesa za kisu kipya, ili kinolewe kabla ya michezo ya wikendi. Nilimuuliza atafanyaje.

"Nikikinoa, nimekubali," akasema. "Nikikataa, atakifunga hivyohivyo kikiwa butu. Na siwezi kukificha, ni mali ya shule. Wewe ungempa nini?"