Pa Kulala Katika Safari ya Lionja hadi Dar es Salaam

Minada ya ufuta na korosho ikimalizika, wakazi wengi wa kata hii hufunga safari ndefu. Wapo wanaokwenda Dar es Salaam kununua mabati na bidhaa za duka, wapo wanaompeleka mgonjwa Muhimbili, na wapo wanaohamisha kaya nzima kwa lori la kukodi. Katika maandalizi hayo mafuta huhesabiwa, nauli ya utingo huhesabiwa, hata maandazi ya njiani huhesabiwa. Swali moja tu huachwa lijijibu lenyewe: usiku ukitukuta njiani, tutalala wapi?

Katika nchi za mbali wako watu wenye magari yaliyoundwa mithili ya nyumba, yenye kitanda, jiko na choo ndani, nao hupanga vituo vyao vya usiku wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Sisi tunaojikunja kwenye kiti cha Canter tuna sababu kubwa zaidi ya kupanga, maana gari letu halina choo wala maji, na mara nyingi limebeba mali yote ya mwaka.

Tuanze na hesabu. Kutoka Ruangwa hadi Nanganga ni kilomita 53 hivi, na kutoka Nachingwea hadi Masasi ni 45 hivi. Njia zote mbili hukutana na barabara kuu iendayo Mingoyo na Lindi, na kutoka Lindi hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 450. Kwa ujumla, mkazi wa Lionja anakabiliwa na safari ya yapata kilomita 600. Gari dogo lililo zima, likiondoka alfajiri, laweza kufika siku hiyohiyo. Lori lenye shehena ni jambo jingine. Sheria inaliwekea kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na ndani ya makazi kikomo ni 50 kwa kila gari. Vijiji vya barabara ile ni vingi, na bado kuna mizani, ukaguzi, chakula na pancha. Kwa uzoefu wangu, anayehesabu kilomita 40 kwa saa, vituo vyote vikiwamo, hatajuta. Kilomita 600 kwa mwendo huo ni saa 15, nazo ni zaidi ya mchana mzima.

Wazee wanaokumbuka safari za zamani watatabasamu wakisoma haya, kwa kuwa enzi zao pa kulala palichaguliwa na Mto Rufiji. Kivuko cha Ndundu kikisimama kwa mafuriko au kwa hitilafu, magari yalipanga foleni ukingoni na abiria wakalala hapohapo. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, lakini kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kuwa cha udongo kwa miaka mingi, na kila masika tope liligeuza mabasi kuwa nyumba za kulala. (Reli iliyoletwa Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga ingalitufaa, lakini iling'olewa siku nyingi.) Leo njia hiyo ni ya lami, na uamuzi umerudi mikononi mwa msafiri.

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990. Wako waliolipokea tangazo hilo kana kwamba usiku wenyewe umekuwa salama kwa kila chombo. Basi la safari ndefu hutakiwa kuwa na dereva wa pili na kifaa kinachofuatilia mwendo wake. Lori la kukodi lina dereva mmoja, ambaye pengine tangu jana yake alikuwa akipakia magunia.

Somo hili nililipata kwa hofu. Miaka michache iliyopita tulikuwa watano katika gari dogo, tukimpeleka mama mdogo kliniki. Tulipita Nangurukuru jua likizama, dereva akasema Ikwiriri si mbali, nasi sote tukakubali kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepanga vinginevyo. Giza lilikuwa limekwisha kuingia tulipoona matawi mabichi katikati ya lami. Mtu wa Kusini anajua maana ya matawi: mbele kuna gari bovu. Lakini matawi yale yalikuwa hatua chache tu kutoka kwenye lori lisilo na taa wala pembetatu ya kuakisi. Dereva alikata usukani, tukaishia kichakani, na mama mdogo akafika kliniki siku mbili baadaye akiwa na jeraha ambalo hakuondoka nalo nyumbani. Dereva hakuwa mlevi wala mzembe. Alikuwa amechoka, na kulala Nangurukuru hakukuwa katika mawazo ya mtu yeyote kati yetu.

Ndiyo maana nashauri saa ya kusimama iamuliwe nyumbani, kabla ya uchovu kuanza kutoa hoja. Kwetu jua huzama saa 12 na dakika chache jioni, na hata linapochelewa zaidi, halifiki saa 1. Lengo liwe kusimama ifikapo saa 11 jioni, ili mahali paonekane kwa mwanga wa mchana. Lori likiondoka saa 11 alfajiri kwa mwendo nilioutaja, lapaswa kufika Ikwiriri yapata saa 10 jioni. Hicho ndicho kituo cha kwanza cha kufikiria. Kituo cha akiba ni Nangurukuru, na kanuni yake ni nyepesi: ukifika hapo baada ya saa 8 mchana, usiendelee. Somanga iko mbele, lakini kwa maoni yangu ni mahali pa kununua samaki zaidi kuliko pa kulaza shehena. Na gari likiharibika mapema mno, lala Lindi bila aibu.

Wenye mgonjwa wapange kwa kufuata hospitali kabla ya kufuata kilomita. Kabla ya Mingoyo ipo hospitali ya misheni ya Nyangao. Walioteremka kupitia Masasi huikuta kwanza ile ya Ndanda. Kulala karibu na hospitali ni bora kuliko kuikumbuka saa 8 usiku ukiwa porini.

Masika yana kanuni yake. Mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara hii katika wilaya ya Kilwa, na magari yakazuiliwa pande zote mbili. Mvua inaponyesha, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na uulize madereva wanaotoka upande uendako. Kukiwa na shaka mbele, lala mahali penye mji nyuma yako, wala usisogee hadi ukingoni mwa maji ili uwe wa kwanza kuvuka. Korongo kavu nalo si kitanda: mvua iliyonyesha mbali hufika bila kubisha hodi.

Sasa mahali penyewe. Nyumba ya wageni yenye ua, geti na mlinzi inastahili bei yake kuliko ile ya rahisi inayoegesha magari barabarani. Kabla ya kulipa, tazama kitasa, chandarua na maji. Huku Kusini malaria haipumziki, na chandarua kilichotoboka ni pambo tu. Andika jina lako katika kitabu cha wageni na udai risiti. Gesti isiyotaka kukuandika, isiyojulikana na yeyote, haitajulikana pia siku mali yako ikipotea. Katika mwezi wa Ramadhani kumbuka kuwa migahawa mingi ya pwani hufungwa mchana, basi beba chakula chako na ukile kwa staha.

Anayelazimika kulala garini ili kulinda mzigo aombe nafasi ndani ya ua, au pembeni mwa kituo cha mafuta kwa idhini ya wenyewe. Huko hapawashwi jiko wala sigara. Asiingize jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa, hata kukiwa na baridi na hata kama mkaa umebaki majivu mekundu tu. Hewa yake haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Aache upenyo wa dirisha. Fedha za manunuzi zikae benki au kwenye simu, na anayebaki nyumbani apewe jina la mahali na saa ya kutarajia ujumbe. Asipoupata, namba ya Polisi ni 112. Pwani, tafadhali, usiegeshe chini ya mnazi.

Ikiwa usiku umekukuta katika kijiji usichokijua, mtafute mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji kabla ya kutandika. Jitambulishe, onyesha kitambulisho, eleza utokako na saa utakayoondoka. Kwa hatua hiyo moja unaacha kuwa mtu asiyejulikana aliyejificha gizani, unakuwa mgeni wa kijiji.

Nasi wa Lionja tuutazame upande wa pili. Malori ya ufuta huharibika kwetu pia, na mara mojamoja hupita msafiri wa kigeni na gari lake lenye kitanda. Akisimama kwako jioni, mpeleke kwa mwenyekiti, mwonyeshe maji na choo, mwelekeze eneo la wazi lililo karibu na nyumba za watu, na umtajie mapema gharama ikiwa ipo. Kama gari lake limekwama barabarani, mkumbushe kuweka pembetatu. Asipokuwa nayo, kata matawi, uyapange mbali, hatua 100 au zaidi kutoka kwenye gari, pande zote mbili, na asubuhi gari likiondoka uyaondoe.