Maji ya Kusafishia Damu: Pa Kubana Matumizi na Pasipobanwa

Mtu mwenye afya hunywa takriban lita 2 za maji kwa siku, yaani lita 14 kwa juma. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine hukutana na maji mengi kupita hayo. Katika mashine nyingi mmumunyo wa kusafishia damu hupita kwa kasi ya mililita 500 kwa dakika. Kwa kipindi kimoja cha saa 4 hizo ni lita 120. Kwa vipindi vitatu vya juma ni lita 360. Maji hayo hayapitii tumboni wala kwenye utumbo, ambao huchuja mengi kabla hayajafika kwenye damu. Kinachoyatenga na damu ya mgonjwa ni utando mwembamba wa figo bandia tu. Aidha, figo ambazo zingeitoa sumu iliyopenya ndizo hizo zilizoshindwa kazi. Kwa hiyo maji yanayofaa kabisa kunywewa yaweza kumdhuru mgonjwa huyu.

Maji ya kazi hii husafishwa kwa njia iitwayo osmosisi kinyume, ile ile inayotumiwa na viwanda vya vinywaji, dawa na umeme ili kupunguza gharama ya maji. Kiwandani mtambo ukikosewa, hasara ni boila iliyoota magadi au bidhaa iliyoharibika. Hospitalini hasara ni uhai wa mtu. Hata hivyo hospitali nazo hulipa bili ya maji na ya umeme, na kila mwenye dhamana ya kituo huulizwa ni wapi patapunguzwa matumizi. Makala haya yanalijibu swali hilo.

Mtambo unavyofanya kazi

Osmosisi ni jambo la maumbile. Zabibu kavu ikirowekwa huvimba, kwa kuwa maji hupenya ganda lake kwenda upande wenye sukari nyingi. Vivyo hivyo, maji safi yakitengwa na maji ya chumvi kwa utando usiopitisha chumvi, maji safi huhamia upande wa chumvi. Katika osmosisi kinyume, pampu huyasukuma maji yenye chumvi kwa shinikizo kubwa kuliko lile la maumbile, nayo hulazimika kwenda kinyume: maji hupenya utando na kuiacha chumvi nyuma. Utando wa kwanza ulioifanya njia hii iwe na manufaa ulitengenezwa na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1950. Viwanda viliipokea kwa sababu haihitaji kuchemsha maji kwa kuni, mafuta au gesi, wala kutumia tindikali na magadi makali kwa wingi.

Utando wa siku hizi, ukiwa mzima, huzuia zaidi ya asilimia 95 ya chumvi na madini, pamoja na bakteria na sehemu kubwa ya sumu zao. Maji hutoka katika mikondo miwili: maji safi yanayokwenda kwenye mashine, na maji ya mabaki yaliyobeba chumvi iliyozuiwa.

Utando, hata hivyo, haujitoshelezi. Kabla yake kuna chujio la kunasa tope na mchanga. Hufuata tangi la kulainisha maji magumu, linaloondoa kalisi na magnesi ili zisigande juu ya utando. Tangi hilo huhuishwa kwa chumvi ya kawaida. Kisha kuna matangi ya mkaa maalumu wenye vitundu vingi, ambao huondoa klorini na kloramini. Tangi hili ndilo mlinzi wa pande mbili. Klorini huula utando, ambao ni ghali. Kloramini nayo huweza kuupita utando, ikaingia katika damu na kupasua chembe nyekundu. Mkaa uliochoka haubadiliki sura. Kipimo pekee ndicho kinachoufichua.

Mafunzo yaliyolipiwa kwa maisha

Katika miaka ya 1970 wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu katika nchi kadhaa walipatwa na maradhi ya ajabu: ulimi kuwa mzito, kutetemeka, degedege, kupotewa na akili, na hatimaye kifo. Mwaka 1976 Allen Alfrey na wenzake wa Denver, Marekani, walionyesha kwamba ubongo wa wagonjwa hao ulikuwa na aluminiamu nyingi. Chanzo kimojawapo kikuu kilikuwa maji. Shabu, ambayo mitambo ya maji ya miji huitumia kutuliza tope kama vile wengi wetu tulivyoona ikifanywa mitungini nyumbani, ina aluminiamu. Kwa anayekunywa maji hayo ni salama. Kwa anayesafishwa damu ni sumu inayojikusanya polepole. Leo maji ya kusafishia damu hayaruhusiwi kuzidi miligramu 0.01 za aluminiamu kwa lita.

Msiba mkubwa zaidi ulitokea Februari 1996 katika mji wa Caruaru, Brazil. Kituo kimoja cha kusafisha damu kilipokea maji yaliyoletwa kwa malori kutoka bwawa lililoota bakteria wa rangi ya kijani na samawati, wafananao na mwani, ambao hutoa sumu iitwayo mikrosistini. Kituo kilikuwa na machujio, lakini hayakuizuia sumu hiyo. Kati ya wagonjwa 131, wagonjwa 116 walipata kiwi cha macho, kichefuchefu na kutapika. Mia moja kati yao ini lilishindwa kazi ghafula, na 76 walifariki. Vifo 52 kati ya hivyo vilithibitika kusababishwa na sumu hiyo. Baada ya hapo Brazil ilitunga kanuni mpya za maji ya vituo vya kusafisha damu.

Mafunzo haya yanatuhusu. Katika sehemu za Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa maji yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa. Katika maji ya kusafishia damu mpaka ni 0.2. Kuchemsha hakuiondoi floraidi; maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki na kukolea. Katika miji ya pwani, visima vingi vina chumvi. Wakati wa mvua tope huongezeka na shabu pia. Wakati wa kiangazi bomba hukauka na maboza huitwa. Kila chanzo cha maji kinapobadilika, fundi wa vifaa tiba hana budi kuarifiwa kabla mashine hazijawashwa.

Pa kubana matumizi

Tuchukue mfano wa kituo chenye mashine 10, kila moja ikihudumia wagonjwa wawili kwa siku. Kinahitaji lita 2,400 za maji safi kila siku kwa ajili ya mmumunyo pekee. Ikiwa mtambo hutoa lita 60 za maji safi katika kila lita 100 zinazoingia, kituo hutumia lita 4,000, na lita 1,600 humwagwa. Kwa siku 6 za kazi hizo ni lita 9,600. Kwa mwaka ni karibu lita 500,000.

Maji hayo ya mabaki hayajamgusa mgonjwa. Ni maji ya bomba yaliyokolea chumvi, ambayo tayari yamechujwa na kuondolewa klorini. Hayafai kunywewa, lakini yakikingwa katika tangi la peke yake lenye alama huweza kusukuma vyoo, kuosha sakafu na, kiwango chake cha chumvi kikiruhusu, kufulia mashuka na kumwagilia bustani. Huko Geelong, Australia, daktari wa figo John Agar na wenzake walionyesha miaka mingi iliyopita kwamba jambo hili linawezekana. Yasichanganywe kamwe na maji yaliyotoka katika figo bandia, ambayo yamebeba uchafu wa damu na sharti yaende kwenye mfumo wa maji taka.

Njia ya pili ni matunzo. Kuziba mivujo, kutokosa chumvi ya kulainishia maji na kubadilisha chujio la tope kwa wakati hurefusha umri wa utando na hupunguza umeme wa pampu.

Pasipobanwa

Kuna matumizi manne yasiyoguswa. Kwanza ni mkaa: matangi yawe mawili yanayofuatana, na maji yapimwe baada ya tangi la kwanza kabla ya kila zamu. Jumla ya klorini ikizidi miligramu 0.1 kwa lita, wagonjwa wasiunganishwe mpaka tatizo lijulikane. Pili ni kipimo cha bakteria na sumu zao: bakteria wawe chini ya 100 kwa mililita, na endotoksini chini ya yuniti 0.25. Tatu ni kuua vijidudu katika mabomba, kwani maji yaliyoondolewa klorini hayana tena kinga, na yakituama bakteria huzaliana. Nne ni daftari la vipimo, lenye tarehe, saa na sahihi.

Muuguzi akiona mgonjwa mmoja anatetemeka kwa homa katikati ya huduma, atafikiria maambukizo. Akiona watatu kwa pamoja, afikirie maji. Maumivu ya ghafula ya kifua au mgongo, kukosa pumzi, na damu ya mrijani kugeuka rangi kama mvinyo mwekundu ni dalili za kupasuka kwa chembe nyekundu: mashine isimamishwe, mirija ibanwe, damu iliyo ndani isirudishwe mwilini, na daktari aitwe mara moja.

Nawe mgonjwa, ukijisikia vibaya ukiwa kwenye mashine usivumilie kimya ukidhani ndiyo kawaida ya huduma, wala usijichomoe, mwite muuguzi. Unayo haki pia ya kuuliza maji ya leo yalipimwa saa ngapi na nani aliyeyapima. Kituo kilichoyapima hakitaona taabu kukufungulia daftari.