Ruzuku ya Kianzio na Utafiti wa Tiba
Ruzuku ya kianzio, yaani fedha kidogo ambazo chuo kikuu huwapa watafiti wake ili wajaribu wazo jipya kabla ya kuomba ufadhili mkubwa, ni nguzo ya utafiti wa kitabibu, ambao huwahusisha wagonjwa moja kwa moja. Nchini Marekani, mpango ulioanzishwa mwaka 2006 na Taasisi za Taifa za Afya huviwezesha vyuo vikuu kuzifadhili timu zinazowaunganisha madaktari, wauguzi, watakwimu na wahandisi. Kwa kuwa wafadhili wakubwa hudai matokeo ya awali, ambayo hayapatikani bila fedha, ruzuku hiyo huondoa kikwazo kinachoweza kuliua wazo lenye kuokoa maisha, na kwa hiyo inastahili kutengwa katika bajeti ya kila mwaka.