Sura ya Sita: Kuuguza Jeraha la Uso

Jeraha la uso humtisha mwenye mnyama kuliko jeraha jingine lolote. Damu humwagika kwa wingi, ngozi huning'inia, na mnyama mwenyewe hurusha kichwa asiguswe. Hata hivyo, ukimuuliza daktari wa mifugo ni wapi angependelea farasi aumie, chini ya goti au usoni, atakujibu usoni. Damu hiyo inayotisha ndiyo inayoponya. Kichwa cha farasi kimejaa mishipa, na mishipa hiyo huleta chakula cha nyama mpya pamoja na chembe zinazopambana na vijidudu. Kidonda cha mguu wa chini huweza kuchukua miezi na kuota nyama iliyopita kiasi. Cha usoni, kikitunzwa, mara nyingi hufunga kwa wiki chache. Uso wa farasi uko tayari kupona. Kazi ya anayeuguza ni kuuondolea vizuizi, na sura hii inavieleza kimoja baada ya kingine.

Ninawaandikia hasa wanaouguza wanyama katika mitaa ya Nairobi kama Silanga na Kawangware. Silanga ni kijiji cha Kibera kilicho bondeni, karibu na Bwawa la Nairobi. Vijiji vya Kibera haviko mbali na uwanja wa Ngong Racecourse, ambako farasi wamekuwa wakishindana tangu 1954, wala na mazizi ya Lang'ata na Karen. Mazizi hayo yanasimama kwa kazi ya masaisi, watu wanaolisha, kupiga brashi na kuuguza farasi ambao si wao. Upande wa Kawangware mnyama anayeonekana barabarani ni punda, anayevuta mkokoteni wa maji, mchanga au magunia ya sokoni. Farasi na punda ni wa ukoo mmoja, na nyuso zao zimejengwa namna moja. Tofauti iko kwenye chanzo cha jeraha. Farasi wa zizini huchanwa na msumari, komeo la mlango au teke la mwenzake. Punda wa mkokoteni huliwa na kamba, hupigwa fimbo au huumwa na mbwa. Saisi humpigia daktari simu, ilhali mwenye punda ana duka la agrovet na ushauri wa majirani. Maelezo yafuatayo ni ya wote wawili.

Yasiyouguzwa nyumbani

Kwanza tutenge majeraha ambayo mtu asithubutu kuyatibu peke yake. Juu ya pua na paji la farasi ngozi imelala karibu moja kwa moja juu ya mfupa, na nyuma ya mfupa huo kuna mapango yenye hewa. Ukiona mapovu yakitoka kwenye jeraha mnyama anapopumua, au damu ikitiririka kutoka tundu moja la pua baada ya pigo, huenda mfupa umevunjika. Mdomo ukivutwa upande mmoja, au sikio na kope vikilegea, neva ya uso imeguswa. Majimaji maangavu yakichuruzika shavuni kila mnyama anapotafuna, mfereji wa mate umekatika. Na chakula kikitokeza kwenye tundu la shavu, jeraha limepenya hadi kinywani.

Kope ina kanuni yake: kipande kinachoning'inia kisikatwe kamwe, hata kikionekana kimekauka na kukosa uhai. Kope ndiyo inayopangusa jicho na kulilowesha. Ikipungua, jicho hukauka, hufanya vidonda na huweza kupofuka. Kwa kuwa damu ni nyingi, kipande ambacho mtu wa kawaida angekitupa bado daktari huweza kukishona kikashika. Ni hivyo hivyo kwa ukingo wa pua na midomo. Funika kipande hicho kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi na utafute daktari siku hiyo hiyo. Saa chache za mwanzo ndizo bora kwa kushona, lakini uso una uvumilivu, na hata kesho yake si bure kujaribu. Kwa anayekaa Kawangware, kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko jirani, Kabete.

Jeraha likiwa limeshonwa, au likiwa dogo kiasi kwamba daktari ameliacha wazi, kazi inarudi mikononi mwako.

Kuosha

Silanga maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, kwa hiyo ni vizuri kujua kwamba kuosha jeraha la uso hakuhitaji maji mengi. Chemsha nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisichofurika, kisha acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Maji hayo yanakaribiana na chumvi ya mwili, kwa hiyo hayaunguzi. Tengeneza mapya kila siku na umwage yaliyobaki.

Nawa mikono kwa sabuni na uvae glavu. Mwenzako amshike mnyama kwa kamba iliyolegea. Usimfunge mnyama mwenye maumivu ya kichwa kwenye nguzo, kwa sababu akishtuka na kurudi nyuma atajiumiza upya. Simama kando ya bega, usisimame mbele ya uso wake, na umguse kwanza shingoni ili ajue mkono unakotoka. Kisha tazama kabla hujaosha: je, kuna harufu? Majimaji ni maangavu au ni usaha mzito? Uvimbe umeongezeka tangu jana? Kingo zina joto? Piga picha kwa simu kila siku ukiwa umesimama mahali pale pale, maana jicho husahau, na daktari aliye mbali ataisoma hali ya jeraha vizuri zaidi kwenye picha kuliko kwenye maelezo yako.

Kigaga kilichoshika usikibandue. Weka juu yake shashi iliyolowa maji ya chumvi kwa dakika chache hadi kilainike, kisha kiache kiteleze chenyewe. Chini yake utaona nyama changa, nyekundu, yenye vipunje vidogo vidogo, inayotoka damu ukiigusa tu. Hiyo ndiyo nyama nzuri. Sasa chukua bomba la sindano lisilo na sindano, vuta maji, na uyarushe taratibu kutoka juu kwenda chini, yasogeze uchafu mbali na jicho. Usisugue. Kausha ngozi ya pembeni kwa shashi safi, ukiiacha nyama changa yenyewe. Majimaji yakichuruzika shavuni, paka mafuta mepesi ya kujipaka kwenye ngozi nzima iliyo chini ya jeraha ili isiungue na kupoteza manyoya.

Siku za mwanzo osha mara moja au mbili. Jeraha likishajaa nyama changa na kukoma kutoa uchafu, punguza. Kila unapoosha unazigusa pia chembe mpya za ngozi zinazotambaa kutoka kingoni kuelekea katikati, na chembe hizo zinahitaji utulivu.

Dawa zinazoumiza

Madhara mengi ninayoyajua katika majeraha ya uso yameletwa na kitu kilichopakwa kwa nia njema. Oili chafu ya gari hupakwa punda ili kufukuza nzi, na ni sumu inayoziba jeraha juu ya uchafu wake. Majivu na mavi ya ng'ombe huleta vijidudu vya pepopunda. Spiriti, Jik na Dettol isiyochanganywa na maji huunguza nyama. Peroksaidi ya hidrojeni hutoa povu jeupe linalomridhisha mtazamaji, ilhali inaua chembe zile zile zinazojenga ngozi.

Ukihitaji dawa ya kuua vijidudu, iodini ya povidoni ya asilimia 10 inafaa, ila ichanganywe: kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji safi, hadi rangi ifanane na strungi nyepesi. Iwe ile isiyo na sabuni. Klorheksidini ni nzuri mguuni, lakini iweke mbali na uso, kwa kuwa ikiingia jichoni huweza kuliharibu. Dawa za kupuliza za buluu au zambarau zinazouzwa agrovet zisipulizwe karibu na macho wala puani. Na dawa ya maumivu au ya antibiotiki iandikwe na daktari kwa uzito wa mnyama wako. Chupa iliyobaki ya ng'ombe wa jirani haimfai.

Nzi

Msimu wa mvua za masika nzi huongezeka, na mahali penye mitaro wazi na marundo ya taka hawana haja ya kutafuta chakula. Nzi huleta uchafu, hutaga mayai, na baadhi yao hubeba mabuu ya minyoo ya tumboni ya farasi. Mabuu hayo yakiachwa kwenye kidonda chenye unyevu au pembeni mwa jicho, hukosa njia ya kufika tumboni, yakachokoza nyama. Kidonda hukataa kufunga, huwasha, na ndani yake huonekana punje za manjano zinazokwaruza kidole. Hali hiyo hutibiwa kwa dawa ya minyoo atakayoipima daktari. Kuosha peke yake hakutoshi.

Minyoo hiyo hupita kwenye kinyesi, na nzi hao huzaliana humo, kwa hiyo kinga huanzia kwenye sakafu ya zizi. Zoa kinyesi kila siku na ukipeleke mbali. Paka dawa ya kufukuza nzi kuzunguka jeraha, kamwe isiwe ndani yake. Barakoa ya wavu husaidia iwapo haigusi kidonda na huvuliwa kukaguliwa kila siku. Bandeji usoni hukaa kwa shida na huteleza hadi jichoni, kwa hiyo majeraha mengi ya uso huachwa wazi.

Kamba na mkwaruzo

Hapa ndipo punda wengi hukwama. Tazama kwa karibu hatamu iliyotengenezwa kwa kamba ya nailoni: fundo lake huangukia pale pale mfupa wa pua unapokuwa mwembamba, na kila dereva anapovuta, nyuzi ngumu hukata milimita ileile ya ngozi. Jasho na vumbi huzikakamaza nyuzi hizo zikawa kali zaidi. Unaweza kuosha kidonda hicho mwaka mzima. Kamba ikirudi kila alfajiri, nacho kitarudi.

Vua hatamu wakati wote jeraha linapoendelea kupona. Mwongoze mnyama kwa mkanda mpana wa shingoni. Hatamu ikibidi irudi, iwe ya mkanda bapa, iliyozungushiwa pamba au ngozi ya kondoo, ikae vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, na vidole viwili vipite chini yake bila kubanwa. Farasi naye, kidonda kikianza kuwasha, husugua uso kwenye nguzo au kwenye goti lake. Ondoa misumari na vipande vya waya zizini, na umpe nyasi kwenye kimo cha kifua ili kichwa kisiinamie chini kwa saa nyingi na kuvimba. Shavu au taya likiuma, mlainishie pumba kwa maji ya vuguvugu.

Kumpumzisha punda ni kukosa kipato cha siku, na sisemi ni jambo rahisi. Lakini kumpoteza ni ghali zaidi. Machinjio ya punda yalipoanza kazi nchini, kuanzia 2016, punda walipungua na bei ikapanda. Umoja wa Afrika ulipiga marufuku biashara ya ngozi za punda Februari 2024, lakini kumpata punda mwingine bado si kazi ndogo. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nayo hairuhusu mnyama asiyefaa kazi kwa sababu ya kidonda afanyishwe kazi.

Pepopunda na kichaa cha mbwa

Farasi na punda hushikwa na pepopunda kwa urahisi kuliko wanyama wengi wa kufugwa, na tundu dogo la msumari linatosha. Mnyama akijeruhiwa, muulize daktari kuhusu chanjo siku hiyo hiyo. Katika wiki zinazofuata angalia dalili: taya kukaza, masikio kusimama wima, mwendo wa miguu iliyonyooka, na utando mweupe kuteleza juu ya jicho. Ukiziona, usingoje kesho.

Jeraha la meno ya mbwa lina hatari nyingine, kwa kuwa kichaa cha mbwa bado kipo Kenya. Liguse kwa glavu tu, mjulishe daktari wa mifugo, na mate ya mnyama huyo yakikugusa penye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukachomwe sindano.

Mwisho wa uuguzi

Nyuzi za kushonea hutolewa na daktari baada ya siku 10 hadi 14. Kidonda kinachoendelea kutoa usaha kwenye tundu dogo wiki kadhaa baadaye huenda kimeficha kipande cha mfupa kilichokufa, na hakitafunga hadi kipande hicho kiondolewe. Mpeleke mnyama apigwe picha ya eksirei.

Ngozi ikishafunga, kovu bado ni dhaifu. Hujijenga kwa miezi, na hata mwishowe halifikii nguvu za ngozi ya awali. Manyoya yakirudi mahali hapo huweza kuota meupe, na hilo halina madhara. Kwa hiyo siku unapomvisha hatamu tena, pitisha kidole chini ya kila mkanda, na urudie kukagua kila jioni kwa wiki za mwanzo. Ukikuta manyoya yamelala upande mmoja au ngozi ina joto, rekebisha mkanda usiku huo huo, kabla ya ngozi kuchubuka.