Gita la pedali: kazi yote imo katika milimita moja

Wapenzi wa muziki wa country, na Kenya wamejaa tele, wanaujua mlio huu hata wasiojua unatoka kwenye chombo gani. Noti inaanzia chini, inapanda polepole bila kukatika, huku noti jirani yake imetulia palepale kana kwamba haihusiki. Mpigaji wa gita la kawaida ataukunja uzi kwa kidole apate kitu kinachokaribiana na hicho, lakini masikio hayadanganyiki. Huo ni mlio wa gita la pedali: nyuzi kumi zilizolazwa juu ya kiunzi chenye miguu minne, kipande cha chuma mkononi, pedali miguuni, na nyenzo zinazosukumwa kwa magoti.

Likiwa jipya, huuzwa Marekani kwa maelfu ya dola. Ndiyo maana kila kizazi kina watu wanaoamua kujitengenezea, na hawavunji mila yoyote wakifanya hivyo. Chombo chenyewe kilizaliwa karakanani. Mwishoni mwa karne ya 19 Joseph Kekuku, kijana wa kisiwa cha Oahu, Hawaii, alieneza upigaji wa kutelezesha chuma juu ya nyuzi za gita lililolazwa. Miaka ya 1930 gita hilo la kulazwa likatiwa umeme. Mwaka 1948, California, Paul Bigsby alimtengenezea mpigaji Speedy West gita lenye pedali. Bigsby alikuwa fundi wa vyuma na mkimbiza pikipiki, wala hakutoka kwenye ukoo wa waunda magita. Kisha mwaka 1954 wimbo wa Webb Pierce uitwao Slowly ukavuma, na ndani yake Bud Isaacs alikanyaga pedali wakati uzi ungali unalia. Wapigaji wenzake hawakulala. Kila mmoja alitaka pedali, na wasioweza kununua walifunga vyuma vyao wenyewe chini ya magita waliyokuwa nayo.

Afrika nayo imeusikia mlio huo mikononi mwa Waafrika. Demola Adepoju aliupiga katika bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria, na ndiye anayesikika pia kwenye wimbo wa Mmarekani Paul Simon uitwao Graceland, wa mwaka 1986.

Sasa, anayetaka kuunda la kwake aanzie wapi? Wengi huanzia kwenye mbao. Wanatafuta ubao mzuri, wanaupiga msasa na vanishi, wanachonga mahali pa vigingi vya kukazia nyuzi, na baada ya miezi wana samani ya kupendeza isiyoweza kubadilisha noti hata moja. Mbao iache kwanza. Moyo wa gita hili ni kile kifaa kilicho upande wa mkono wa kulia wa mpigaji, kinachokaza na kulegeza nyuzi.

Chukua uzi mmoja tu tuuangalie. Mwisho wake umefungwa kwenye kipande cha alumini chenye unene usiofika sentimita moja, kichwa chake kimeviringwa na kulainishwa, na uzi unapita juu ya kichwa hicho. Katikati kipande kina tundu, na ndani ya tundu umepita mhimili wa chuma ulio imara. Sehemu ya chini ni mkia mrefu kuliko kichwa. Pedali ikikanyagwa, ufito wa chuma unauvuta mkia kuelekea upande wa vigingi. Kichwa kinazunguka kuelekea upande wa pili, na uzi unakazika. Mguu ukiondoka, uzi wenyewe, kwa nguvu ya mkazo wake, unakirudisha kipande hadi kikagonga skrubu ya kukizuia. Kwa kupandisha noti, basi, huhitaji hata springi. Kushusha noti ndiko kunakotaka springi kali na kipande cha pili, na hilo lisubiri.

Fundi mwenye kerezo na drili nzuri, Kamukunji jijini Nairobi ama Gerezani jijini Dar es Salaam, hatashangazwa na kazi hiyo. Kitakachomshangaza ni kipimo. Kupandisha uzi wa B hadi C kali (C#), yaani nusu-hatua mbili, kichwa cha alumini kinausogeza uzi kwa takribani milimita moja, au pungufu kidogo. Basi! Mguu unashuka sentimita kadhaa, vyuma vinapokezana chini ya gita, na zao la safari yote hiyo ni milimita moja. Tundu likiwa pana kuliko mhimili wake kwa unywele mmoja, kila ukikanyaga utapata noti tofauti na uliyoipata awali. Kwa hiyo toboa tundu dogo kuliko linalotakiwa, kisha lipanue kidogokidogo mpaka mhimili uingie kwa kubembelezwa. Usikubali kuambiwa "grisi itajaza."

Kwa kuunganisha pedali na ule mkia, waya wa breki ya baiskeli unavutia kwa sababu ni rahisi na upo kila kona. Kampuni ya Fender yenyewe ilitumia waya kwenye magita yake ya pedali ya mwaka 1957. Lakini waya hurefuka, na ganda lake husinyaa waya ukivutwa, na tayari nusu ya ile milimita imeliwa njiani. Mimi ningetumia ufito wa chuma ulionyooka, wenye hesi mwishoni na nati ya plastiki ngumu ya kurekebishia noti.

Anza na nyuzi tatu: E, G kali na B, zenye urefu wa milimita 616 kutoka daraja hadi daraja. Pedali ya kwanza ipandishe B hadi C kali. Ya pili ipandishe G kali hadi A. Bila pedali una E meja. Kanyaga zote mbili, una A meja, na uzi wa E haujatikisika. Pedali zikiwa bado chini, sogeza chuma cha mkononi hadi mstari wa pili uliochorwa chini ya nyuzi, milimita 67 kutoka mwanzo wa uzi upande wa vigingi, na hapo ipo B meja. Nyimbo nyingi za kanisani, na nyingi za country, hazihitaji zaidi ya meja hizo tatu, na zote zimeshaenea ndani ya nyuzi tatu. Mistari yenyewe ni ya rangi tu. Hakuna kinachoguswa na uzi isipokuwa chuma.

Kinasa sauti cha sumaku nunua kilicho tayari. Kujisokotea waya mwembamba sana maelfu ya mizunguko ni ufundi mwingine, na mtu asianze fani mbili kwa mpigo.

Sasa rudi kwenye mbao, maana sasa unajua unachoidai. Nyuzi kumi kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100, na kila pedali inaongeza mzigo. Mbao laini hupinda bila jicho kuona. Ikipinda, nyuzi ambazo hukuzigusa hushuka noti. Ijaribu hivi: piga uzi wa E peke yake, kisha kanyaga pedali zote mbili huku ungali unalia. E ikizama, kiunzi ni dhaifu. Ndiyo maana Wamarekani hupenda mbao ngumu ya mepo. Mninga mkavu haswa unafaa kujaribiwa, na bamba la chuma chini yake halidhuru.

Ukinunua nyuzi, ule wa G kali ni wa unene wa inchi 0.011, mwembamba kuliko wote, na kwa kukunjwa kila mara pale juu ya alumini ndio unaokatika kwanza. Dukani usiuombe mmoja.