Ukame: serikali huupimaje, na kwa nini msaada huchelewa?

Mfugaji huuona ukame kabla ya mtu wa ofisini. Maziwa hupungua, mbuzi hurudi jioni matumbo yakiwa matupu, na wanaokwenda kuteka maji hukawia. Lakini serikali haitoi pesa wala lori la maji kwa kusikia tu kwamba hali ni mbaya. Hutaka vipimo kwanza. Ukijua vipimo hivyo, utajua pia wakati wa kuuliza maswali na wakati wa kuamua mambo ya mifugo yako.

Nchini Kenya kazi hii hufanywa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA. Iliundwa mwaka 2011, na mwaka 2016 ikapata sheria yake. Inafuatilia kaunti 23 kavu, kuanzia Turkana, Marsabit na Mandera hadi Kajiado, Kitui, Makueni, Kilifi na Kwale. Kila mwezi hutoa taarifa ya hali ya kila kaunti.

Vipimo vinavyotumika

Cha kwanza ni mvua. Idara ya Hali ya Hewa hutabiri na kupima mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba.

Cha pili ni malisho. Setilaiti hupiga picha za ardhi kutoka angani, na ukijani wa sasa hulinganishwa na wa miaka iliyopita, majira yale yale. Hupatikana alama kati ya 0 na 100, kwa wastani wa miezi mitatu. Chini ya 35 ni ukame. Chini ya 20 ni ukame mkali. Chini ya 10 ni ukame uliopindukia.

Hata hivyo, setilaiti huona rangi tu. Haijui kama kijani hicho ni nyasi au ni mathenge, mti ambao hubaki na majani hata nyasi zikikauka. Kwa hiyo kuna kipimo cha tatu: watu wa NDMA walioko mashinani huzungumza na familia zile zile kila mwezi. Huuliza maziwa yaliyokamuliwa, umbali wa kwenda majini, afya ya mifugo, na bei ya mbuzi na mahindi sokoni. Hutazama hasa mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi.

Cha nne ni watoto walio chini ya miaka mitano. Hupimwa mzunguko wa mkono kwa mkanda wenye rangi. Wanaoingia katika rangi ya njano na nyekundu wakiongezeka, njaa imeshafika ndani ya nyumba.

Ngazi tano

Vipimo hivyo vikijumlishwa, kaunti huwekwa katika ngazi moja kati ya tano: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, na kujikwamua.

Katika tahadhari, mvua na malisho vimepungua lakini watu bado wanajimudu. Huu ndio wakati wa kutengeneza pampu za visima, kuchanja mifugo na kuuza wanyama wangali na nyama. Katika hatari, maziwa, bei za mifugo na maji vimeathirika. Hapo serikali inapaswa kununua mifugo, kuleta nyasi na kusambaza maji kwa malori. Katika dharura, kazi inakuwa kuokoa maisha: chakula, pesa na matibabu ya watoto. Kujikwamua huanza mvua zikirudi. Mifugo bado ni wachache na madeni bado yapo.

Pesa zinazofuata setilaiti

Mfano mzuri ni mpango wa pesa dhidi ya njaa, HSNP, uliotumika kwa miaka mingi Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Familia zilizochaguliwa zimekuwa zikilipwa shilingi 2,700 kwa mwezi, zikitolewa kila miezi miwili, yaani shilingi 5,400. Alama ya malisho ikishuka hadi ukame mkali, familia nyingine zilizosajiliwa mapema huongezwa. Hapa hakuna kusubiri mkutano wa kuamua: kiwango kiliwekwa kabla ya ukame kuja.

Mahali panapokwama

Misaada mingi mingine haiendi hivyo. Taarifa ya kila mwezi haifungui mfuko wa pesa yenyewe. Kamati ya kaunti lazima ikutane, bajeti itafutwe, na wakati mwingine serikali kuu itoe tamko. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kufikia siku hiyo, misimu miwili ya mvua ilikuwa imeshakwenda vibaya katika maeneo mengi kavu. Mingine mitatu ikafuata, hadi mwisho wa 2022. Mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa, na watu zaidi ya milioni 4 wakahitaji msaada wa chakula. Dalili zilikuwa zimeonekana na kuandikwa. Kilichochelewa ni hatua.

Unaloweza kufanya

Kwanza, kwenye baraza muulize chifu au mwakilishi wa wadi: kaunti yetu iko ngazi gani mwezi huu? Kama ni tahadhari, uliza pampu zipi zimetengenezwa.

Pili, ukihojiwa, jibu kama hali ilivyo. Anayekuhoji hasajili watu wa kupewa msaada. Ukitia chumvi, au ukificha, kipimo cha kijiji kizima kinapotoka.

Tatu, fanya hesabu ya mbuzi na mahindi. Tuseme leo mbuzi mmoja anakupa kilo 80, na miezi mitatu baadaye, akiwa amekonda na mahindi yamepanda, anakupa kilo 30. Ukiuza wawili leo unapata kilo 160. Ukingoja, utahitaji kuuza zaidi ya watano kupata kiasi hicho hicho, kama bado wapo hai.

Kuuza mapema kunauma, hasa kwa mtu aliyelea kundi miaka mingi. Lakini mbuzi aliyeuzwa ameacha chakula nyumbani, na nyasi alizokuwa ale zinabaki kwa wale unaotaka wafike mvua ijayo.